Isije Ikawa: Hofu ya Kesho katika Kiingereza na Kiswahili, kutoka Kakamega hadi Tiira

Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha akiulizwa Waingereza husemaje wanapongojea jambo jema kwa hamu, atajibu bila kufikiri: "look forward to". Akiulizwa kinyume chake, atasita. Atataja "dread", kisha aone kwamba neno hilo ni zito mno, kwa maana ni la mtu anayekosa usingizi. Atataja "expect", kisha aone kwamba neno hilo halina upande: mtu huweza kulitumia kwa mgeni, kwa mshahara na kwa msiba. Katikati ya maneno hayo mawili kuna nafasi kubwa, na Kiingereza hakijaijaza kwa neno moja. Kimeijaza kwa njia nyingine, na njia hizo zina historia.

Katika insha hii nataka kueleza historia hiyo kwa kifupi, kisha nionyeshe yaliyotokea namna za Kiingereza za kuutaja ubaya ambao haujafika zilipoingia katika sheria, ofisi na magazeti ya Afrika Mashariki. Mfano wangu ni wa eneo moja lenye dhahabu, ambalo leo limegawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda. Upande mmoja ni Kakamega ya miaka ya 1930. Upande wa pili ni Tiira, mji mdogo wa wachimbaji katika Wilaya ya Busia, Uganda, si mbali na Tororo. Hoja yangu ni kwamba tofauti iliyo muhimu haiko kati ya lugha inayoogopa na lugha isiyoogopa. Iko kati ya usemi unaomtaja mwenye hofu pamoja na kazi anayotakiwa kuifanya msikilizaji, na usemi unaoiacha hofu ielee hewani bila mwenyewe.

Kiingereza kilivyojenga maneno ya hofu

Tuanze na maneno yenyewe. Neno kongwe la Kiingereza la kuonyesha ubaya unaotakiwa kuepukwa ni "lest". Lilitokana na fungu la maneno katika Kiingereza cha Kale lililokuwa na maana ya "ili kwa hilo kupungue". Kwa hiyo tangu mwanzo neno hilo lilihusu kitendo: fanya hivi ili lile lipungukiwe na nafasi ya kutokea. Leo "lest" limekuwa neno la vitabuni na la ibada. Mwingereza wa kawaida akitaka kumwonya mtoto barabarani hasemi "lest". Anasema "or", yaani "ama sivyo", au anatumia "in case", ambalo kwa asili ni neno la tukio tu, liwe zuri au baya.

Neno la pili ni "afraid". Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kutisha au kushtua, kilichoingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha Wanormani. Mtu aliyekuwa "afraid" ni mtu aliyetishwa. Lakini kadiri karne zilivyopita neno hilo lilipata kazi ya pili, ya adabu. Karani anayesema "I am afraid there is no vacancy" hana hofu yoyote. Anakunyima kazi kwa upole. Mwanafunzi anayefasiri sentensi hiyo kwa "naogopa hakuna nafasi" atachekwa, kwa kuwa Kiswahili chake sahihi ni "samahani, hakuna nafasi" au "kwa bahati mbaya". Hapa tayari tunaona jambo la kuzingatia: neno la hofu limehama kutoka kifuani mwa anayeogopa na kwenda mdomoni mwa anayeleta habari mbaya.

Neno la tatu ni "doubt". Leo linamaanisha kuwa na shaka kwamba jambo fulani litatokea. Zamani lilitumika pia kwa maana iliyo karibu na kinyume chake, yaani kuhofu kwamba litatokea, na huko Uskoti bado unaweza kumsikia mzee akitumia "I doubt" kwa mvua ambayo ana hakika inakuja. Neno "danger" nalo lilianza likiwa na maana ya mamlaka ya bwana juu ya mtu wake. Kuwa ndani ya "danger" ya mtu ilikuwa kuwa mikononi mwake, kwamba anaweza kukudhuru akitaka. Hatari ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alijulikana kwa jina.

Mwisho kuna vitenzi vidogo ambavyo hatuvitazami kwa sababu vinatumika kila siku. "Will" asili yake ni kutaka. "Shall" asili yake ni kudaiwa. "May" asili yake ni kuwa na nguvu au uwezo. Vyote vimepauka. Katika barua ya ofisi "may" halisemi tena kwamba kitu kina nguvu. Linasema tu kwamba jambo halijakataliwa.

Ukiyaweka pamoja maneno haya, utaona mwelekeo mmoja. Kiingereza kilianza na maneno yanayomtaja anayeogopa, anayetisha na kinachopaswa kufanywa. Kiingereza cha ofisi, kilichokomaa katika karne ya 19 na ya 20, kilipendelea kutendwa bila mtenda: "it is feared", "it is not anticipated". Inahofiwa. Haitazamiwi. Nani anahofu? Nani hatazamii? Sentensi haisemi.

Kiswahili na kitenzi "kuja"

Kiswahili nacho kina maneno ya hofu: kuogopa, kuhofu, kuchelea. Kuchelea kunatokana na kitenzi kikongwe "kucha", kile tunachokikuta katika "mcha Mungu", na kauli ya kutendea inakipa mwelekeo: unamchelea mtu au unalichelea jambo. Methali ya mchelea mwana kulia hulia yeye imesimama juu ya neno hilo. Ajabu yake ni kwamba methali yenyewe inaonya dhidi ya hofu isiyo mahali pake: anayeogopa ubaya mdogo wa leo anajiletea ubaya mkubwa wa kesho.

Lakini nguvu ya Kiswahili katika jambo hili haiko katika msamiati peke yake. Iko katika sarufi. Mama anaposema "mshike mtoto asije akaanguka", ametumia kitenzi "kuja" katika hali ya kukanusha, kisha kitenzi cha pili chenye -ka-. Ni kana kwamba ubaya ni msafiri aliye njiani, na sisi tunaambiwa tumzuie asifike. Katika Busia zote mbili, ile ya Kenya na ile ya Uganda, nimesikia watu wakisema "isikuje ikakatika" badala ya "isije ikakatika". Mwalimu wa sarufi sanifu atasahihisha. Mimi naona faida moja katika umbo hilo: linaonyesha kwamba kwa wasemaji wa mpakani "kuja" bado ni kuja kwa kweli, si kiungo kilichosahaulika asili yake.

Wanaisimu wana jina la maumbo ya aina hii. Katika makala yake ya 1995, Frantisek Lichtenberk alichunguza lugha ya To'aba'ita ya Visiwa vya Solomon, akaonyesha kwamba baadhi ya lugha zina alama maalumu ya kisarufi inayobeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba jambo fulani huenda likatokea, na kwamba msemaji halitaki. "Asije akaanguka" inabeba yote mawili. Tena mara nyingi inatanguliwa na amri: mshike, funika, funga, angalia. Hofu ya Kiswahili ya namna hii haisimami peke yake. Inaegemea kazi.

Kiswahili kina zana nyingine pia. Tunasema "ukuta unataka kuanguka", ingawa ukuta hauna nia, na hapo tunakutana na Kiingereza njiani, kwa sababu -ta- yetu ya wakati ujao nayo inahusishwa na kitenzi "kutaka". Tunasema "nusura gari limgonge", kwa ubaya uliokaribia ukapita, na neno hilo lina undugu na kunusuru, yaani kuokoa. Kwa upande mwingine tuna "kutarajia", neno lenye asili ya Kiarabu katika mzizi wa matumaini. Ndiyo maana sentensi kama "vifo zaidi vinatarajiwa" hukwaruza masikio ya wengi. Mwandishi amefasiri "expected", neno lisilo na upande, kwa neno la Kiswahili lililo upande wa heri.

Sitaki kudai kwamba Waswahili hawaogopi kutaja ubaya. Tunaogopa sana. Maneno huumba, tunasema. Mtu akitaja kifo cha mgonjwa, waliopo humkatiza: Mungu apishe mbali. Kunyamaza nako ni namna ya kuitaja kesho mbaya, na kuna gharama yake, nitakayoirudia nikifika Tiira.

Mpaka mmoja, dhahabu moja

Sasa tuje kwenye historia ya eneo. Hadi 1902 nchi yote ya Kavirondo, Kakamega na Mumias zikiwemo, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Himaya ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mwaka 1926 mpaka uliandikwa rasmi kwa amri ya Uingereza. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili. Ardhi yenyewe haikugawanyika: miamba yenye dhahabu inayoanza Kakamega inaendelea hadi Busia, na wanajiolojia huiita kwa majina hayo mawili pamoja.

Mwaka 1930 serikali ya Kenya ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Sheria hiyo ilitangaza kwamba maeneo yaliyotengwa kwa Waafrika yangebaki yao milele. Iliweka pia masharti: kama kipande cha ardhi kingehitajika kwa shughuli ya umma, baraza la wenyeji lingeulizwa, na ardhi nyingine yenye thamani sawa ingeongezwa kufidia. Naomba msomaji ayatazame masharti hayo kwa jicho la lugha. Neno "milele" ni ahadi, na ahadi haisemi lolote kuhusu ubaya. Masharti ndiyo yaliyokuwa "isije ikawa" ya sheria ile. Yalitaja ubaya unaoweza kuja, yakataja nani aulizwe, yakataja nini kifanywe.

Mwaka uliofuata, 1931, Mmarekani aitwaye L. A. Johnson alipata dhahabu karibu na Kakamega. Walowezi waliokuwa wameumizwa na kushuka kwa bei za mazao wakamiminika. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa haraka. Kwa ardhi ya migodi, sharti la kufidia ardhi kwa ardhi liliondolewa na fedha ikachukua nafasi yake, na sharti la kuuliza baraza la wenyeji nalo likawekwa kando. Serikali ilijitetea kwamba eneo litakalochukuliwa ni dogo, na kwamba ardhi itarudi kwa wenyewe uchimbaji ukiisha.

Ninaposoma kisa hiki, kinachonigusa ni kwamba neno "milele" halikufutwa. Liliachwa mahali pake. Kilichofutwa ni masharti, yaani ile sehemu iliyolipa baraza la wenyeji nafasi ya kusema "ngoja" kabla ya tukio. Baada ya Desemba 1932 hofu ya wenyeji ilibaki kuwa hofu tu, jambo la moyoni. Na kweli, nyaraka za wakati ule hupenda kuzungumzia "suspicion" ya wenyeji, neno linalofanya hofu ionekane kama maradhi ya anayeogopa na si taarifa kuhusu kinachomtisha.

Isidhaniwe kwamba tatizo lilikuwa Kiingereza chenyewe. Miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa alikuwa Lord Lugard, gavana wa zamani aliyeijua Uganda tangu 1890. Yeye na wakosoaji wengine huko Uingereza walionya waziwazi, katika Bunge na magazetini, kwamba serikali ikivunja ahadi ya miaka miwili tu, Waafrika hawataliamini tena neno lake. Hicho ni Kiingereza chenye mwenye hofu, chenye sababu ya hofu na chenye jambo la kufanya. Lugha ile ile ilitoa sentensi za aina mbili. Iliyoshinda ofisini ni ile isiyo na mwenyewe.

Kwa upande wao, wenyeji hawakukaa kimya. Chama cha North Kavirondo Central Association kilizaliwa katika miaka hiyo, na hofu ya ardhi ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Sir Morris Carter kuanzia 1932 na kutoa ripoti 1934, ilisikiliza watu wengi. Ushahidi wao ulichapishwa kwa Kiingereza. Mzee aliyesema kwa lugha yake alitoka upande wa pili wa mkalimani akiwa amevaa sarufi nyingine.

Mwisho wa kisa ni huu: dhahabu ya Kakamega haikuwa nyingi kama ilivyodhaniwa. Wachimbaji wengi wadogo wa Kizungu waliondoka kabla ya muongo huo kwisha, na mgodi mkubwa wa Rosterman ukafungwa 1952. Je, wenyeji waliogopa bure? Msomaji wa ofisini angejibu ndiyo: kilichohofiwa hakikutokea kwa kiasi kilichohofiwa. Lakini sentensi ya "isije ikawa" haipimwi hivyo. Mama akisema "mshike asije akaanguka", na mtoto asianguke, hatusemi mama alidanganya. Sentensi yake ilipimwa palepale, kwa swali moja: je, ukingo ulikuwepo? Kakamega ukingo ulikuwepo. Kilichowaokoa wengi ni uchache wa dhahabu, si uzuri wa sheria.

Kwa nini karatasi za Tiira ni za Kiingereza

Miaka ya 1930 dhahabu ilitafutwa na kuchimbwa pia upande wa Uganda, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Busia, iliyokuwa sehemu ya Tororo hadi 1997. Kabla ya kufika Tiira ya leo ni lazima tuulize kwa nini maonyo rasmi huko yameandikwa zaidi kwa Kiingereza, ilhali soko la mpakani huendeshwa kwa Kiswahili.

Jibu nalo ni historia ya hofu. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya elimu na utawala katika Uganda. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi. Maaskofu nao wakapinga. Hofu yao haikuwa ya sarufi. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikifikiria kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, na Buganda iliona Kiswahili kuwa mlango ambao utawala wa walowezi ungepitia. Yaani: Kiswahili kisije kikatuletea Kenya. Ni hofu iliyotajwa na wenyewe, kwa sababu wazi, ikadai kitendo, na kitendo kikafanyika. Sera ya Gowers ikaachwa, Kiswahili kikabaki lugha ya polisi na jeshi, na Kiingereza kikachukua karatasi zote. Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, Waganda wengi tayari walikisikia kama sauti ya askari. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Hata hivyo Sheria ya Madini ya 2022, inayowatambua wachimbaji wadogo wa sehemu kama Tiira, imeandikwa kwa Kiingereza.

Tiira leo

Mtu akifika Tiira ataona mashimo membamba yanayoshuka wima, yakizuiwa udongo kwa magogo, na kamba iliyofungwa juu. Wanaume hushuka. Wanawake wengi hufanya kazi ya juu: kuponda mawe, kuosha mchanga, kuchanganya na zebaki ili dhahabu ishikane, kisha kuichoma ili zebaki iondoke kwa mvuke. Lugha ni nyingi: Kiteso, Kisamia, Kidhopadhola, Kiganda, na Kiswahili kinachowaunganisha na Wakenya wanaovuka kununua na kuuza.

Nilipokuwa huko niliandika katika daftari sentensi zilizotajwa kabla ya hatari. Mama mmoja muuza chai alimwambia kijana aliyekuwa akijiandaa kushuka: "Mwanangu, angalia kamba isikuje ikakatika." Kijana akajibu, "Sawa mama," akaivuta kamba mara mbili kabla ya kushika njia. Sentensi moja ilizaa kitendo kimoja. Mzee wa shimo jirani alisema, "Mvua imenyesha usiku, leo ukuta unataka kuanguka," na hakuna aliyeshuka hadi adhuhuri. Hakuna kati yao aliyesema "kuna uwezekano".

Linganisha na lugha inayokuja baada ya hatari. Shimo likiporomoka, magazeti huandika kwamba watu kadhaa "wahofiwa kufa". Kichwa cha habari hicho ni tafsiri ya "feared dead", na kimezoeleka hata hatukisikii tena. Lakini tukitafakari, ni sentensi ya ajabu kwa Kiswahili. Wahofiwa na nani? Mke aliyeketi kando ya shimo anahofu. Mhariri aliye Kampala au Nairobi hana hofu, ana tahadhari ya kutotangaza kifo ambacho hakijathibitishwa. Hofu ya mke imekopwa ili kulinda tahadhari ya mhariri. Nakubali kwamba tahadhari hiyo ni ya haki. Gazeti halipaswi kumzika mtu aliye hai. Ila Kiswahili kina namna ya kusema hivyo bila kumkopa mtu hofu yake: "wamefukiwa, na haijajulikana kama wako hai."

Zebaki ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Madhara yake yanajulikana: mvuke wake huingia mapafuni, huharibu mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Uganda ni mwanachama wake, ulitungwa kwa ajili hiyo. Lakini onyo likishuka kutoka karatasi ya Kiingereza hadi kisimani, hupita kwenye neno "may", na "may" hufasiriwa "inaweza". "Zebaki inaweza kuleta madhara." Niliwauliza wanawake watatu wanaelewaje sentensi hiyo. Mmoja alinijibu kwa swali: "Inaweza, lakini je, inaleta?" Kwake "inaweza" ilikuwa kama kusema mtu fulani anaweza kupika. Anaweza, lakini leo hapiki. Msichana aliyekaa karibu naye aliongeza kwamba shangazi yake amechoma zebaki miaka mingi na bado yuko.

Na hapa ndipo ule unyamavu niliotaja unaporudi. Wanawake hao hao hawapendi kutaja madhara ya zebaki mbele ya mjamzito, kwa kuchelea kumtabiria mabaya. Kwa hiyo mjamzito anakosa onyo mara mbili: karatasi imelipausha, na wenzake wamelimeza. Lugha ya ofisi na adabu ya kijiji zinakutana mahali pamoja, na anayelipa ni mtoto ambaye hajazaliwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuutaja ubaya wa kesho ni tendo lenye historia. Kiingereza kilikuwa na maneno yaliyofunga hofu kwa kitendo, na bado kina wasemaji wanaoyatumia hivyo. Lakini Kiingereza kilichotufikia kwa wingi kupitia sheria na ofisi ni kile cha kutendwa, na Kiswahili cha magazeti na mabango kimekirithi. Kakamega ilitufundisha mwaka 1932 kwamba ukiiacha ahadi na kuyafuta masharti, umewaachia watu hofu isiyo na kazi. Tiira inatukumbusha jambo hilo hilo kwa kipimo cha kamba moja na karai moja.

Kwa sisi tunaosomea tafsiri, pendekezo langu ni la kazi, si la nadharia. Kila tukikutana na "it is feared", "may" au "expected" katika onyo, tuulize maswali matatu kabla ya kuandika: nani anahofu, ni ubaya gani unaokuja, na msikilizaji afanye nini. Tukiwa na majibu, sarufi tunayo tayari. Badala ya "zebaki inaweza kuleta madhara", bango la Tiira lingeweza kusema: "Mvuke wa zebaki hudhuru. Usiichome ndani ya nyumba, usije ukavuta mvuke wewe na mtoto. Mwenye mimba asikae karibu na moto huo." Ni maneno machache kuliko yale ya ripoti, na mama anayeuza chai anaweza kuyarudia kwa kijana wake bila kuhisi kwamba amemtabiria mabaya, kwa sababu kila sentensi ndani yake inamwonyesha la kufanya.